Jora la Mzee Shomari

Hadi leo nikiingia duka la vitambaa, pua yangu hutafuta mawese kwanza. Nisipoyasikia, nahisi nimekosea mlango. Duka la Mzee Shomari, mtaani kwetu Ujiji, lilikuwa moja lenye biashara mbili: upande wa kulia majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani, upande wa kushoto madumu ya mawese yaliyozibwa kwa vipande vya nailoni. Kitambaa kikikaa humo wiki mbili, harufu huingia hadi kwenye nyuzi, na hata ukikifua mara tatu bado ipo. Kwa hiyo asubuhi ya Idi watoto wa mtaa ule tulinukia udi kidogo na mawese sana. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha heshima, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi pale ilipovunjika, naye alimwita kila msichana "mama", hata wa miaka minne. Amefariki mwaka huu. Siku ya maziko yalisemwa mengi juu yake na yote ni kweli: kisima alichochimba, madarasa mawili aliyoyajenga, wagonjwa aliowakimbiza hospitali kwa gari lake la mizigo. Jora halikutajwa. Halikudumu hata likatajwa, na sababu ya kutodumu kwake ni mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka, Ramadhani ikishafika katikati, Mzee alipita nyumba kwa nyumba mtaani akiwa na uso wa mtu aliyepatwa na matatizo. Alisema amewanunulia wanawe kitambaa cha Idi, ila mwenye bohari amegoma kukata. "Jora halikatwi nusu, jamani. Sasa nifanyeje na kitambaa chote hiki? Nisaidieni kulimaliza, litaliwa na panya bure." Maneno yalikuwa yaleyale kila mwaka, na kila mwaka wazazi waliyapokea kama mapya. Mama Zena, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, ndiye aliyejua kuigiza kuliko wote. Angeweka mikono kiunoni aseme, "Mzee nawe, mwaka jana hukujifunza?" Mzee angekuna kichwa: "Ndiyo hivyo, mama, nazeeka na ujinga wangu." Kisha fundi cherehani aliketi barazani kwa Mzee siku kumi za mwisho wa mfungo, akatupima mmoja mmoja, na wanawe Mzee wakipangwa katikati yetu, wala si mbele. Siku ya Idi watoto wote wa mtaa, wa mwenye duka na wa muuza mihogo, walitoka wamevaa kitambaa kimoja. Mgeni akipita asingeweza kusema nani kapewa na nani kanunuliwa.

Nilikuwa na miaka kumi pale baba yangu, fundi wa injini za mitumbwi ya uvuvi kule Bangwe, alipopata kazi ya miezi kadhaa Bujumbura. Alirudi siku tatu kabla ya Idi na gauni la rangi ya waridi, lenye lesi kifuani na mkanda wa kufunga nyuma. Nililala nalo. Nguo ya jora mwaka ule ilikuwa ya kijani, yenye vidoa vyeupe, na tayari ilikuwa imetundikwa msumarini ikinukia kama chungu cha mboga. Mama alisema gauni nitalivaa Idi pili. Idi mosi tunavaa ya Mzee. Nikalia, nikasusa futari. Alipoona nimeshupaa, alifanya kosa la kuniamini. Alinikalisha jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mzee hashindwi kununua mita chache, kwamba habari ya bohari ni ya kutunga, na kwamba anawavisha hata wanawe kitambaa kile ili asiwepo mtoto wa kuonewa huruma. "Wote tukivaa, hakuna maskini. Umenielewa, mwana wanje?" akaniuliza, yaani mwanangu, kwa Kiha. Nilimwelewa vizuri sana, ndiyo maana hadi leo siwezi kujitetea kwa utoto. Asubuhi ya Idi nilikwenda kwa baba, ambaye hakuwa akiyajua maneno ya jikoni, nikamdekea. Akasema, "Mwache mtoto avae."

Nilitoka na gauni langu. Watoto walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya kina Zena, kijani kitupu, wakijiandaa kuzunguka kutoa mkono wa Idi. Nilitarajia washangilie. Waliangalia tu. Zena, rafiki yangu wa kukaa naye dawati moja, alishika lesi kwa ncha za vidole, akasema ni nzuri, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Mbona hukuvaa ya jora?" Ningeweza kusema imenibana. Ningeweza kusema nitaivaa kesho. Nilisema, "Zile ni za wasio na baba wa kuwanunulia." Baba yake Zena alikuwa amezama ziwani kabla binti hajaanza shule, na hapakuwa na mtoto pale asiyelijua hilo. Rehema, bintiye Mzee Shomari, akaruka: "Mimi baba ninaye, mbona nimevaa?" Basi nikamalizia, kwa maneno ya mama yangu, ya jikoni: "Wewe unavalishwa ili wao wasione haya." Nakumbuka nilivyojisikia mwerevu. Zena aliitazama nguo yake toka kifuani hadi kwenye pindo, kana kwamba kuna mtu ameimwagia kitu, akageuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa sketi ya shule.

Mchana tulikula pilau kwa Mzee, kama kawaida, tumezunguka sinia barazani. Zena hakuwa peke yake tena. Watoto watano au sita walikuwa wamebadilisha, mmoja amevaa shati la kaka yake lililomfika magotini. Mzee alisimama na bakuli la kachumbari mkononi, akawatazama, akamtazama Rehema, na Rehema akamnong'oneza. Nilijua ananisema. Nilingoja nifokewe, hata nikaweka tonge chini. Mzee alikuja akainama mbele yangu na kitambi chake, akasema, "Umependeza, mama. Nani kakununulia?" Nikasema baba. "Mungu amzidishie baba yako." Akanipakulia kachumbari, akaendelea na sinia lililofuata. Ningependa kusema alikuwa na hasira iliyojificha, maana ingenipunguzia mzigo, lakini niliona uso wake kwa karibu. Alikuwa ameona haya yeye, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Mwaka uliofuata alipita tena na hadithi yake ya bohari. Mama Zena hakuweka mikono kiunoni. Alisimama, akajifuta mafuta vidoleni kwa khanga, akasema kwa adabu, "Ahsante, Mzee. Mwaka huu tunazo." Nyumba ya pili ikajibu hivyo, na ya tatu. Jora lile, la bluu, nililiona dukani hadi baada ya mfungo mwingine, likiuzwa kwa mita. Hakulitaja tena. Mama yangu naye hakunichapa; aliacha tu kuniambia mambo ya watu wazima, na hilo liliuma zaidi. Zena tuliendelea kukaa dawati moja, tukasoma, tukacheka hata, lakini hakuwahi kugusa tena nguo yangu yoyote.

Siku hizi mimi ni mwalimu, mbali na Kigoma, na ungedhani nimejifunza. Mwaka jana shuleni kwetu alikuja mfadhili na viatu. Ni mimi niliyewapanga watoto kumi na wawili mbele ya wenzao wote, kila mmoja ameinua jozi yake juu, ili picha zipigwe. Msichana mmoja aliinamisha kichwa. Nikamwambia ainue uso na atabasamu. Alitabasamu, na picha hiyo ipo kwenye ubao wa matangazo hadi leo, nami huipita kila asubuhi nikienda ofisini. Mzee Shomari alijitaabisha kutunga uongo kila mwaka na kuwavisha watoto wake mwenyewe uongo huo, ili asimwone mtoto yeyote akiinamisha kichwa hivyo. Mimi nilikuwa na simu ya kupigia picha.

Wiki mbili baada ya maziko, Rehema alinipigia. Kwa ajili ya dua ya arobaini wameamua kushona sare, akasema, na kitambaa wamekwisha kununua. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo. "Jora halikatwi nusu, unajua tena. Njoo utusaidie kulimaliza." Nikapanda basi. Fundi aliyepewa kazi ana kibanda chenye vyerehani vitatu karibu na soko la Mwanga, na fundi huyo ni Zena. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya wanangu, akaning'iniza futi shingoni na kuanza kunipima. Kitambaa kilikuwa cha kijani. Nilitaka kusema tangu nikiwa kwenye basi, lakini nikajikuta nasema tu, "Zena, ile Idi..." Hakuinua uso. Alinizungushia futi kifuani, akaandika namba kwenye daftari, ndipo akasema, "Niliivaa, ujue. Ndani, mlango nimefunga, mpaka ikanibana. Ilinipendeza. Ni wewe tu hukuiona."

Nikasema nisamehe. Akaniambia ninyooshe mkono. Nilinyoosha, akapima kutoka begani, akaniuliza kama nataka mikono mirefu au mifupi, na kama aweke lesi kifuani, maana wapo wanaopenda. Nikamuuliza wengine wanashonaje.

"Mirefu. Bila lesi."

"Basi na yangu hivyohivyo," nikasema.