Spika ya Nje Kwenye Banda la Kija

Baba mdogo Kija aliuza ng'ombe wake kule Migato mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba. Akajumlisha na pesa ya pamba, akanunua televisheni na deki, akahamia Bariadi mjini kufungua banda la video. Nyumbani walimcheka. Mkewe, mama mdogo Milembe, hakucheka. Aliuliza tu watakunywa maziwa ya nani.

Banda lilikuwa nyuma ya duka la Jumbe. Jumbe alikuwa na jenereta, akamvutia waya. Jioni ni picha za kung fu, watoto wanajaa, wakitoka wanarushiana mateke barabarani. Nje ya mlango baba mdogo aliweka spika ili mpita njia asikie, avutike, aingie.

Kisha kondakta mmoja wa basi la Mwanza akaleta mikanda ya mihadhara. Mmoja ni Mwislamu kashika Biblia anawajibu Wakristo, mwingine ni Mkristo kashika Kurani anawajibu Waislamu. Watu wazima ambao hawajawahi kukanyaga banda la video wakaja na viti vyao. Baba mdogo hakuwa mtu wa kanisa sana, wala hakuwa na ubaya na mtu. Akapanga kwa haki: Ijumaa mkanda wa Waislamu, Jumapili wa Wakristo. Aliona hapo hakuna wa kulalamika.

Wa ndani walisikia hotuba nzima. Wa nje walisikia kipande. Mtu anapita na ndoo ya maji, anasikia dini yake inachekwa na watu wanapiga makofi, basi anaenda na hicho hicho nyumbani.

Thomasi, mwimbaji wa kwaya, akaacha kununua sukari kwa Jumbe, ambaye ni Mwislamu.

"Siwezi kula sukari ya watu wanaosema Biblia yetu ya uongo," alimwambia mama mdogo.

"Nani kasema? Jumbe?"

"Nimesikia Ijumaa."

"Umemsikia mtu wa Dar es Salaam, yuko ndani ya mkanda. Hata Bariadi haijui iko wapi."

Thomasi akacheka kidogo, lakini akaenda duka lingine. Wenzake wa kwaya wakamfuata.

Jumatatu jioni Jumbe akaja bandani. Akasalimia kwa Kisukuma chake cha dukani, akimwita baba mdogo kwa jina la mwanawe, "Mwadila, Baba Mboje," akakaa kwenye benchi.

"Jana Maua wangu karudi kisimani analia. Spika yako imemtukania dini mbele ya wenzake, nao wakacheka."

"Ijumaa si naonyesha wa kwenu?"

"Ndiyo. Ijumaa unanifukuzia wateja, Jumapili unanitukania mke. Na petroli natia mimi."

Baba mdogo alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

"Sikukatii waya leo," Jumbe akasema. "Lakini mikanda hiyo na umeme wangu havikai pamoja. Chagua."

Alipoondoka, mama mdogo akasema, "Ukiiacha mikanda, watu wataisha. Na ng'ombe tulishauza."

"Najua."

Kwanza akajaribu kuiondoa spika ya nje tu. Haikusaidia. Waliokuwa ndani wakitoka walisimulia wenyewe, wakaongeza na ya kwao. Ndipo akamrudishia kondakta mikanda yake. Kondakta akaipeleka banda la stendi, lenye jenereta yake na spika mbili nje, na watu wakahamia huko.

Thomasi akamkuta baba mdogo mlangoni, hana mteja.

"Kija, umewaogopa Waislamu?"

"Hapana. Nimechoka kununiwa kwa maneno ya mtu nisiyemjua."

"Basi utafunga."

"Nitafunga."

Mvua zilipokaribia aliuza televisheni na deki kwa mtu wa Mwandoya, akarudi Migato kulima pamba kwa ng'ombe wa kuazima. Jumbe alisaidia kupakia mizigo kwenye gari. Watu wa kwaya hawajarudi kununua kwake mpaka leo.