Mama na Paka Shume wa Korongoni

Nilipokuwa mtoto kule Masama, niliamini kwamba anayeua paka hutetemeka mikono mpaka kaburini. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Bibi, mama yake baba, na Bibi hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

Mama alikuwa fundi cherehani. Tangu baba afariki, tulikula kwa mikono yake.

Mwaka mmoja jirani alihamia Dar akaacha nyumba na paka wake. Wakazaana, wakawa shume, wakaingia korongoni chini ya kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kwale waliokuwa wakiatamia chini ya mibuni wakaanza kupotea. Kwanza tulikuta mayai yaliyopoa, kisha manyoya, kisha hatukukuta kitu. Hata vinyonga wenye pembe, ambao wenzangu waliwakimbia nami nikawapenda kwa siri, wakaadimika. Asubuhi moja mama alisimama uani akisikiliza, akasema korongo limekuwa bubu.

Akatengeneza mtego wa waya, akaweka dagaa. Siku ya tatu dume la kijivu likanasa. Bwana mifugo alipanda kutoka Bomang'ombe na sindano yake, lakini alitaka mtu wa kumshika paka. Majirani walijaa uani, na kila mmoja akatazama chini. Mama akaanza kukunja mikono ya gauni.

"Mwanangu," Bibi akamwambia taratibu, "mikono hiyo ndiyo chakula cha watoto hawa."

"Sina mingine, mama," alijibu.

Akajifunga gunia mikononi, akamshika, na bwana mifugo akachoma sindano. Paka alijinyoosha mara moja akalegea. Mama hakufurahi, nami nataka hilo lijulikane. Alimzika mwenyewe, kisha akautega mtego upya.

Wateja walipeleka vitambaa vyao kwingine msimu mzima. Tulikula ndizi na maharage, maharage na ndizi. Mama hakuacha. Paka wa nne nilimshika mimi, nikiwa na miaka kumi, na Bibi akaninunia siku mbili.

Miaka mingi baadaye mikono ya mama ilianza kutetemeka. Daktari wa Moshi aliupa ugonjwa jina lake, kijiji kikaupa lake. Wakaja wazee kumshauri akubali kosa, afanyiwe tambiko. Aliwapikia chai, mimi nikaimimina, wakaondoka bila jibu walilolitaka.

Jioni ile nilimwambia asiwajali, kwani yeye hakuwahi kuamini mambo yale. Akanishangaa.

"Niliamini kila neno la bibi yako," alisema. "Hata leo naamini. Na ningemshika tena."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Watu bado wanahama, bado wanaacha paka, nami natega. Sijui kama Bibi alisema kweli. Ninachojua ni kwamba mama aliiona adhabu mbele yake, akaifuata kwa miguu yake kwa ajili ya ndege wasiojua hata jina lake, na mpaka leo hajaomba msamaha kwa mtu yeyote. Wala mimi sitamwombea huo msamaha.