Jicho Lililongoja Eda

Nimesomesha biolojia miaka kumi na tisa, na nimechora jicho ubaoni mara nyingi kuliko nilivyopika pilau. Mboni hapa, lenzi pale, ute katikati, na nyuma kabisa retina. Na bado mama yangu alipofuka jicho ndani ya nyumba yetu, mimi nikiwa chumba cha pili nasahihisha majibu ya kidato cha nne kuhusu jicho hilo hilo.

Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu iliyo kichochoroni karibu na Ndia Kuu. Hajipaki wanja, hajitii manukato, hatoki. Madirisha tuliyafunga na mapazia tukayateremsha. Dini haimwambii mjane akae gizani. Hilo ni la kwetu, la mabibi zetu, na mama alitaka kukaa vile alivyokaa mamake. Taa aliwasha moja tu, ndogo, ya kusomea msahafu.

Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Lilimtosha kuona watu na milango. Kusoma, kuchambua mchele, kutia uzi kwenye sindano, yote aliyafanya kwa la kushoto. Kwa hivyo tukizungumza jicho la mama, twazungumza la kushoto.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane eda iishe. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri akaniita.

"Mwanangu, nani anawasha taa?"

"Taa gani, mama?"

"Hii inayomemeta hapa pembeni."

Hapakuwa na taa. Nikamwambia ni usingizi. Kesho yake akasema anaona masizi yanaelea mbele ya jicho, kila akiyapangusa hayatoki. Tukamletea maji ya kuoshea uso. Siku ya nne akasema kuna pazia linashuka jicho la kushoto. Na mimi, mwalimu wa biolojia, nikacheka. "Mama, chumba chote hiki ni mapazia matupu!" Naye akacheka kidogo, ili nisione haya.

Baada ya hapo nikaanza kumsikia akisoma Kur'ani bila kuufungua msahafu. Sura ndefu ndefu, kwa moyo, sauti imetulia. Wanawake waliokuja kumtazama wakasema mashaallah, huyu mama amehifadhi, tazama mfiwa anavyojaliwa. Nikajisikia fahari. Lahaula! Alikuwa haoni maandishi, sisi twamsifu.

Suala la kumpeleka hospitali lilizungumzwa. Hilo nalikumbuka. Na kwa kumbukumbu yangu aliyelikata alikuwa shangazi, dadake baba, anayekaa Makadara, ambaye alikuja kila alasiri na chupa yake ya chai. Shangazi ni mtu wa desturi. Harusi, matanga, arubaini, kila kitu ajua kinaanza wapi na kinaishia wapi. Nilimwona kabisa akilini mwangu amesimama mlangoni akisema eda haikatwi, mjane hatoki, siku kumi na nane si miaka. Nilimwona hivyo kwa muda mrefu.

Eda ikaisha. Mama akaogeshwa, akavishwa leso mpya, udi ukafukizwa nyumba nzima, na mimi mwenyewe nikafungua madirisha. Jua likaingia mpaka ukutani. Mama akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akageuza uso dirishani. Kisha akauliza, "Mmefungua?"

Wanawake wakadhani anatania. Mimi nikachukua buibui langu.

Tulipanda tuktuk saa ile ile, mama ananukia udi kama biharusi. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa bara, mpole, anayesema polepole. Akamtia mama dawa ya kupanua mboni, tukangoja, akamwinamia na mwanga wake. Akatazama sana. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama mama.

"Ilianza lini?"

"Siku kumi na nane," nikajibu.

"Ilikuwa inauma?"

"Hata kidogo," mama akasema.

"Haiumi, mama. Ndiyo ubaya wake." Akaweka chombo chake mezani. "Retina imebanduka."

Nikasema mimi ni mwalimu, anieleze yote. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka nisikie jambo ambalo mwalimu wa sekondari hawezi kulijua, nipate pa kujificha. Basi akanieleza, na kweli mengine sikuwa nayajua, au niliyasoma chuoni yakapita.

Alisema zile seli zinazopokea mwanga, zile ndefu kama fito, zimejaa visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mwanga huvichosha. Kwa hivyo kila asubuhi, muda mfupi baada ya kupambazuka, kila ufito hukata ncha yake iliyochakaa, na nyuma yake kuna tandiko la seli nyeusi linaloimeza ncha ile, linaisaga, na kurudisha kinachofaa. Huku chini fito huota visahani vipya. Kwa siku kumi hivi sehemu ile yote huwa imekuwa mpya. Kila siku ya Mungu, katika kila jicho, na sisi tunapiga mswaki hatuna habari.

"Hata kwenye giza?" nikauliza.

"Hata gizani. Jicho lina saa yake lenyewe. Unaweza kufunga madirisha yote, asubuhi bado inafika."

Lakini lile tandiko jeusi si la kusafisha tu. Ndilo linalopitisha chakula na hewa kutoka kwenye damu. Retina ikitoboka, maji hupenya kwenye tundu, huingia nyuma yake na kuibandua kutoka kwenye tandiko. Basi asubuhi hufika na fito hazina wa kuzipokea wala wa kuzilisha. Zaanza kufa. Na seli hizo zikifa hazizaliwi tena; hilo nalijua, hilo nimelisomesha, nimelitolea maksi.

"Angekuja siku ile ya kwanza ya vimulimuli," daktari akasema, "huenda tungekuta tundu dogo tu. Tungelizunguka kwa miale, angerudi nyumbani jioni."

"Na sasa?"

"Sasa tutapasua, tuirudishe mahali pake. Ataona mwanga. Ataona mtu amesimama. Kusoma, sitaki kukudanganya."

Mama akauliza kama ataruhusiwa kusujudu. Hilo ndilo alilouliza.

Kutoka pale nikamwacha na binamu yangu, nikaenda moja kwa moja Makadara. Sikupiga hodi. Nilimkuta shangazi anasuka ukili barazani, nikamwambia yote, mtaa unasikia. Nikamwambia desturi zake zimemla mama jicho. Nikamwambia amemzika kakake na sasa anataka amzike na mkewe angali hai. Wapita njia wakasimama. Shangazi akaweka ukili chini, akanitazama. Nikadhani atajibu, maana si mwanamke wa kunyamaza huyo.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kama ndivyo, sawa."

Nikaondoka nikisema moyoni, amenyamaza kwa sababu hana la kusema. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walimtia mama kipovu cha gesi ndani ya jicho, kiikandamize retina mpaka ishike, na ili kipovu kikae panapotakiwa ilibidi alale kifudifudi, uso chini, siku saba, usiku na mchana. Tukamlaza pembeni mwa kitanda, paji la uso juu ya taulo lililoviringwa, uso unaelekea sakafuni. Kula, kunywa, kuzungumza, yote kwa uso chini. Siku ya tatu nikachoka kuzungumza na kisogo chake. Nikatandika mkeka, nikalala chali chini yake, tukatazamana. Jicho moja limefungwa bendeji, jingine lile la watu na milango.

Nikamwambia mambo ya shule. Kisha nikaingia kwa shangazi, maana siku hizo sikuweza kumaliza maneno matatu bila kuingia kwa shangazi. Nikamwambia Mungu amsamehe, mimi sitamsamehe.

Mama akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Shangazi yako ndiye aliyesema nipelekwe," akasema.

"Nani?"

"Yeye. Alimuuliza hata mwalimu wa msikitini, mwalimu akasema matibabu ni haja, mjane hutoka akatibiwa, hakuna makatazo. Alikuja kukuambia. Ulikuwa umerudi shule, umesimama mlangoni, buibui hujalivua, funguo umeziuma mdomoni. Ukazitoa, ukasema, 'Zimebaki siku kidogo tu. Nikimtoa sasa watu watasemaje, kwamba nimeshamchoka?'"

"Mama, sikusema hivyo."

"Ulisema, mwanangu. Nami nilikusikia, nikanyamaza. Nilidhani nitaweza kungoja."

Wallahi nilikuwa sikumbuki. Nilitafuta kichwani nikamkuta shangazi mlangoni, yule yule, anasema maneno yale. Kisha nikahisi ladha ya chuma mdomoni, ladha ya funguo, na yule wa mlangoni akawa mimi. Nilikuwa nimeyachukua maneno yangu nikamvisha mzee wa watu, nikaenda kumtukana nayo mbele ya mtaa.

"Mbona hakujitetea? Mbona nyote hamkuniambia?"

"Mimi nilimwomba. Alinipigia simu ile siku ya makelele yako, analia. Nikamwambia mwache, amefiwa na babake, ana uchungu, atatulia." Tone la jasho likamdondoka puani, likaniangukia shavuni. "Lakini hukutulia. Naona waanza kuipenda hasira hiyo."

Nikataka kuinuka niende zangu, nikalie msalani. Nikaanza kujivuta mkekani.

"Kaa hapo hapo," mama akasema. "Mpigie. Mpigie nikikuona."

Nikatoa simu. Nikaipiga namba yake. Ikalia mara moja tu, shangazi akaipokea, wala hakunisalimu.

"Jicho la mamako vipi?" akauliza. "Leo ameona kitu?"

Mama alikuwa ananitazama. "Shangazi," nikasema, "ni mimi niliyesema asitolewe."