Jioni ya Kwanza ya Mama Mvuke

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Mama Mvuke, kwa sababu miaka minne mizima hakuna aliyewahi kumwona kazini bila kichwa chake kuzama kwenye mvuke wa pasi. Shuka mia mbili kwa siku, foronya usiseme. Ikifika saa kumi jioni alivua aproni ya hoteli, akavaa ya mgahawa wa jirani, akaenda kusugua masufuria hadi wenzake mtaani wamekwisha kulala. Aproni mbili, mgongo mmoja. Na atokee mtu aniambie watu kama huyu hawajitumi, tutakosana.

Alitoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo Mama Mvuke alimwona binti yake wa miaka sita akiwa amelala tu. Hata vipimo vya gauni alivichukua kitandani, kwa kamba, pole pole asimwamshe, kisha akampelekea fundi. Mtoto mwenyewe hulala amejikunja. Kila gauni lilitoka fupi, na bibi wa mtoto ndiye aliyekuwa akifumua pindo ili lirefuke.

Siku redio ilipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda, chumba kizima cha kufulia kilizima mashine kikashangilia. Mama Mvuke hakushangilia.

"Nitaamini nikiushika mkononi," alisema.

Meneja wa mgahawa aliposikia anataka kuacha masufuria, alicheka.

"Subiri mwezi uishe kwanza, mama. Hoteli yenu itatafuta mwanya. Utarudi hapa mbio na nafasi nimeshampa mwingine."

Maneno hayo yalimkosesha raha. Akiacha kazi hii halafu hoteli ikachenga, kodi ya nyumba ingemshinda.

Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikaja. Aliisoma mara tatu, akampa mkunja shuka mwenzake naye aisome.

"Ni wenyewe, mshahara mpya," mwenzake alimwambia. "Mbona unaikodolea macho kama imeingia doa?"

Jioni hiyo hiyo alirudisha aproni ya mgahawa, imepigwa pasi hadi kamba zake. Meneja aliipokea, akaitundika msumarini.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Binti alimtazama kwa mashaka, akamvutia kiti cha wageni. Halafu akapanda mapajani na kuanza kuongea mbio mbio bila kuvuta pumzi: mwalimu mpya, rafiki aliyemnunia, jino linalotikisika. Mama Mvuke, aliyeamini miaka yote kwamba amezaa mtoto mkimya, alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na furaha ya kumtosha mwaka.

Katikati ya habari za jino, mtoto akakatiza.

"Mama, unaondoka saa ngapi?"

"Siondoki."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuwa hapa saa hizi hizi. Na keshokutwa."

Mtoto alifikiri kidogo, kisha akateleza kutoka mapajani.

"Basi ya jino nitakumalizia kesho," alisema, akatoka kwenda kucheza.