Sunna Nje ya Geti

Kiwanda cha minofu kilifunguliwa kando ya ziwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufanya karibu kila biashara, na watu wengi wa mtaa wetu tukaenda kusimama getini kuomba kibarua. Sangara waliletwa kutoka visiwani wakiwa kwenye barafu, wakakatwa, minofu ikasafirishwa Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, vilibaki Mwanza kwa ajili yetu.

Mimi niliwekwa upande wa barafu. Nilipokea minofu, nikaipanga kwenye trei na kuifunika. Mbele yangu kulikuwa na meza ndefu ya chuma, na mwisho wake walisimama watu wawili wanaohusika na kisa hiki. Mmoja tulimwita Ustadhi, mwenye kisu chepesi kuliko wote. Wa pili alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Musoma, Mkristo, mcheshi, anayelea watoto wake peke yake kwa kibarua hicho hicho.

Waislamu hatukuwa wengi. Ustadhi ndiye aliyekwenda kwa msimamizi kuomba turuhusiwe kuswali adhuhuri, na msimamizi, ambaye hakuwa wa dini yetu, alikubali bila maneno mengi. Tukapewa nafasi nyembamba nyuma ya chumba cha barafu, tukatandika maboksi yaliyofunguliwa.

Udhu wetu ulikuwa na shida ambayo sikuikuta katika kitabu chochote nilichosoma. Gamba la sangara likikaukia mkononi hulioni, na maji hayafiki kwenye ngozi chini yake. Kwa hiyo kabla ya kutawadha tulisugua mikono, kisha Ustadhi akaishika mmoja mmoja na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Gamba moja tu likizuia maji huna udhu,” alisema. “Na kama huna udhu, unachofanya hapo ni mazoezi ya viungo.”

Baada ya ukaguzi huo ilifuata sunna ya kabla, ile sala ya hiari, kisha fardhi, yaani sala yenyewe ya lazima, yenye visimamo virefu, kisha uradi wa kumtaja Mungu, dua, na sunna ya baada. Ustadhi hakuwa akikwepa kazi. Aliipenda sala, na alipokuwa ndani yake alisahau kila kitu. Dini nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya Kiswahili, na siku moja nilimkumbusha yale mafundisho ya Mtume kwamba anayesalisha watu afupishe, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja zao.

“Nani hapa mzee?” aliniuliza. “Wewe umesoma vitabu. Mimi nimekaa mbele ya mwalimu.”

Kwa kukaa mbele ya mwalimu alinizidi kweli.

Lakini samaki hawakutusubiri. Desturi ya meza ilikuwa kwamba mtu akiondoka, aliye jirani yake anakata fungu lake, kwa sababu sangara akipata joto ameharibika. Fungu la Ustadhi lilimwangukia yule mama. Alilikata bila kununa, na tuliporudi alikuwa na neno lake tayari.

“Shehe, mbinguni leo kulikuwa na foleni kama ile ya sukari?”

Tulicheka, na Ustadhi alicheka pia. Nadhani alilichukulia kuwa ni utani tu.

Siku moja boti nyingi zilifika kwa pamoja, meza ikajaa. Tulikwenda kuswali kama kawaida. Tuliporudi tulimkuta msimamizi amesimama mbele ya yule mama akiwa na trei mkononi, anapitisha kidole juu ya mnofu.

“Mama, hii ni nini?”

“Miba, bosi.”

“Na huu?”

“Na huo.”

“Mzigo wa namna hii ukifika kule unarudishwa wote. Vua aproni. Kesho usije.”

Yule mama aliweka kisu chini, akaanza kufungua kamba za aproni mgongoni, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, kamba zikamshinda. Ustadhi alikuwa bado ana maji ya udhu kwenye ndevu.

“Bosi, samaki hao ni wa fungu langu,” alisema.

“Aliyewakata ni yeye.”

“Amekata yake na yangu kwa wakati mmoja. Angeonaje miba?”

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa naswali.”

“Basi kama ni hivyo, sala ndiyo iondoke.”

Nilijua tunapoteza vyote viwili, kibarua cha yule mama na nafasi yetu nyuma ya barafu. Ustadhi aliitazama mikono yake, ile aliyoikagua muda mfupi uliopita mpaka ikawa haina hata gamba.

“Sala haikuchukua muda wote huo, bosi,” alisema. “Uliozidi niliuchukua mimi.”

Aliipokea trei, akaanza kupapasa mnofu mmoja baada ya mwingine na kutoa miba. Msimamizi alimwangalia mpaka alipomaliza trei nzima. Kisha akamwambia yule mama, “Funga aproni,” akaenda zake.

“Kesho uniombee macho, shehe,” yule mama alisema. “Haya yamechoka.”

“Nitakuombea nikiwa nimesimama hapa hapa,” Ustadhi alimjibu.

Kuanzia kesho yake tuliswali kwa makundi mawili, fardhi peke yake, kwa sura fupi fupi. Ukaguzi wa magamba aliuhamishia mezani, tukajisugua kabla ya wakati wa sala. Hakunitajia yale mafundisho, wala mimi sikumkumbusha.

Sunna yake hakuiacha. Zamu yetu iliisha wakati wa adhuhuri ukiwa haujatoka. Lori la kiwanda lilikuwa likitupeleka Buzuruga, tulikokaa wengi, na wakati sisi tunapanda, yeye alitandika boksi lake nje ya geti, kando ya ukuta.

“Shehe, panda!” yule mama alipiga kelele kutoka juu. “Mungu hata Buzuruga yupo!”

Ustadhi alikuwa ameshafunga sala, yaani ameshaianza. Dereva alimhurumia, akazima injini, nasi tukakaa juani tukisubiri, mabuti mapajani, mpaka akatoa salamu ya kumaliza. Alipoona tumemsubiri alipanda haraka, akayatazama mabuti yaliyokuwa mapajani mwetu.

Siku iliyofuata alisimama getini na boksi lake kwapani. Alisubiri mpaka wote tumepanda, lori limeondoka na kuanza kukata kona. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikamwona anainama kulitandika. Buzuruga alikuja kwa miguu.