Sinema Iliyoanza na Mazishi

Watu wa Usevya wakiulizwa Melkior Kasomfi alimpendea nini mkewe, hawakusitasita kujibu: mdomo. Josephina alikuwa msemaji. Alisema akitwanga, alisema akipalilia, alisema hata kanisani mpaka katekista akamkazia macho. Melkior mwenyewe alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu. Kwa hiyo nyumbani kwao kazi iligawanyika vizuri sana. Mmoja alizungumza, mwingine aliitikia, na mgeni aliyepita kuomba maji alijikuta amekaa mpaka jua limeshuka, anacheka na kusahau alikokuwa anakwenda.

Mwishoni mwa mwaka sabini na tano, mvua za kwanza zilipoanza, surua ilimchukua binti yao Cecilia. Alikuwa na miaka mitano. Ndiye mtoto wao wa pekee, na walikuwa wamemngoja miaka saba.

Siku ya mazishi Josephina alilia kama mama yeyote. Siku ya tatu akanyamaza, na ule ukimya ukakaa. Hakugoma kazi. Alipika, alilima, alifua, na alipoulizwa alijibu. Chumvi ipo? Ipo. Umelala vizuri? Vizuri. Basi. Majirani nao, wakidhani wanamsaidia, wakaacha kumwita Mama Cecilia. Wakamwita dada, au mama tu, na wengine wakaona ni nafuu kupita njia nyingine. Melkior alimpeleka kwa padri. Akampeleka Kasansa kwa mama yake mzazi, akakaa wiki mbili, akarudi vile vile. Miezi ikafika saba. Sasa Melkior aliogopa, tena kuliko alivyoogopa wakati wa ile surua. Aliona kwamba mtoto amekwenda, na mke naye anamponyoka taratibu, hapo hapo jikoni, na yeye hajui amshike wapi.

Ilipoingia Juni, Landrover ya sinema ikafika Kibaoni. Si jambo la kila mwaka. Vijiji vyote vya Mpimbwe vilifunga safari, wazee na vitoto, na watu wakakaa chini mbele ya shuka jeupe lililofungwa kwenye miti miwili. Melkior alikuwa amemuuliza mkewe, "Twende?" Akajibiwa, "Haya." Siku hizo alisema haya kwa kila kitu, hata angeambiwa waende kuchimba kisima.

Sinema yenyewe haikuwa ndefu. Mwanzoni mtu mmoja anayeitwa Fundi Mashaka, kazi yake kutengeneza baiskeli, amelala kitandani, amekonda, ndevu zimemjaa, anakohoa. Mkewe anamfuta jasho. Mara akafa, akazikwa, mkewe akaanguka kaburini, na hapo akina mama wa Mpimbwe wakalia naye kwa sauti. Bwana wa sinema, aliyekuja na Landrover, akabadilisha gurudumu la filamu, watu wakajinyoosha. Kipande kilichofuata kilimwonyesha mwanamume mwingine, mnene, amenyoa ndevu, naye anaitwa Fundi Mashaka, yuko kwenye karakana ile ile na nyumba ile ile. Anacheka, anakwenda kilabuni, anakohoa kidogo, anapuuza. Mwisho kabisa anampakia yule mama kwenye baiskeli, wanazunguka mtaani, kengele inalia, wote wawili wanacheka. Shuka likarudi jeupe. Watu wakapiga makofi, wakawasha vijinga vya moto, wakarudi makwao.

Asubuhi ndipo sinema ilipoanza hasa. Mpunga ulikuwa unaiva, na kipindi hicho hakuna anayekaa nyumbani, maana ndege aina ya kwelea wakishuka kwenye jaruba wanaweza kukuachia makapi matupu. Kila familia ina dungu lake katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na watu wanashinda juu yake na kombeo, debe la kupiga na kamba zilizofungwa makopo. Kazi ile inachosha kwa upweke. Ndiyo maana watu wanazungumza dungu kwa dungu, kwa kupaza sauti, na siri hakuna.

Jirani wa kushoto alikuwa Makarius, baba wa Osward, mtu aliyependa kutoa hukumu. Wa kulia alikuwa Mama Damiano, jina lake Theopista, ambaye naye hakuzidiwa.

"Melkior!" Makarius aliita kabla hata umande haujakauka. "Yule mrithi umemwonaje?"

Msomaji asishangae. Kwao mtu akifa, matanga yakiisha, ukoo unakaa na kumchagua ndugu wa kulirithi jina lake. Tangu siku hiyo ndugu huyo anaitwa kwa jina la marehemu, na mambo ya nyumba ile anayaangalia yeye. Kwa hiyo Fundi Mashaka wa pili alipotokea kwenye shuka hakumsumbua mtu. Amekufa mmoja, amekalishwa mwingine, sura zinafanana kwa kuwa ni ndugu. Lililobaki ni kujadili kama ukoo ulichagua vizuri.

"Sijui," alijibu Melkior.

"Mimi najua! Ukoo ule umekosa mtu! Kazi yake kilabu tu, na kuzungusha wanawake kwenye baiskeli. Halafu naye anakohoa. Yaani amerithi mpaka kikohozi!"

"Mrithi mwache, Baba Osward," Mama Damiano alidakia kutoka upande wa pili. "Mimi ugomvi wangu ni na yule mjane. Juzi kaanguka kaburini, tukalia naye mpaka kamasi zikatutoka. Leo kajifunga khanga mpya, kakaa nyuma ya baiskeli, meno yote nje!"

"Labda matanga yalishaisha."

"Yaishe! Mimi ningemaliza mwaka sijacheka. Mtu amefiwa, atacheka vipi?"

Melkior alihisi maneno hayo yakimchoma kama mwiba. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa dungu, amempa mgongo, kombeo mapajani. Alitamani kumwambia Mama Damiano anyamaze. Lakini kumnyamazisha kungekuwa kueleza sababu, na sababu ilikuwa imekaa pale pale inasikia. Akapiga debe ingawa hapakuwa na ndege.

Kisha ndege wakaja kweli, wingu zima, na madungu yote yakalipuka kwa kelele. Makopo yalilia, mawe yakaruka, Makarius akatukana, wingu likageuka na kuelekea upande wa mto. Shamba likatulia.

"Hajafiwa bado."

Melkior alidhani ni Mama Damiano. Akageuka. Josephina alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya dungu, na sauti ilikuwa yake ingawa ilikwaruza.

"Nyie wote hamkuangalia!" alisema, safari hii kwa nguvu. "Mama Damiano! Yule mama anacheka kwa sababu hajafiwa bado!"

Kikundi kidogo cha kwelea kilichokuwa kimebaki nyuma kikashuka kwenye mpunga wa Makarius, kikaanza kula kwa raha zake, na Makarius mwenyewe akakitazama tu.

"Unasemaje, Mama Cecilia?" Mama Damiano aliuliza polepole. Jina lilimtoka bila kupanga, na alipolisikia akajiziba mdomo.

Josephina hakutetereka. "Kile kitambaa cha mto mlikiona? Alicholalia mgonjwa?"

"Chenye njiwa?"

"Chenye njiwa. Mkia upo, mabawa yote mawili yapo, maua yamezunguka mpaka kwenye kona. Kimekwisha kile. Halafu kule mwishoni yule mama amekaa mlangoni anatarizi. Njiwa ni yule yule, ila hana mkia na ana bawa moja. Mimi nimefundishwa kutarizi na masista miaka mitatu. Kitambaa kilichokwisha kinarudije kuwa nusu?"

"Si anatarizi kingine!" Makarius alipinga.

"Kingine chenye shingo iliyopinda vile vile? Ile shingo aliikosea, niliiona tangu mwanzo. Mtu akikosea tena anakosea kwingine, Baba Osward. Kitambaa ni kimoja, na mwanamume ni mmoja. Hakuna mrithi pale. Yule bwana wa sinema ameweka kipande cha mwisho kwanza, cha kwanza akakiweka nyuma. Fundi Mashaka alikuwa mnene, akaanza kukohoa, akaona hospitali ni usumbufu, akaenda kilabuni. Ndipo akakonda. Ndipo akafa. Sisi tumemzika kwanza, tukamwona mzima baadaye."

Kila dungu lilikuwa linapiga hesabu ya sinema upya, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Mama wee," Makarius alisema hatimaye. "Kumbe nimeshinda namtukana marehemu!"

Mama Damiano alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi naapa kwamba Josephina naye alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Melkior aliona.

"Basi tumedhulumiwa," Makarius aliendelea, maana lazima awepo wa kulaumiwa. "Akipita tena yule bwana tumwambie airudie, aipange sawasawa."

"Asithubutu!" Josephina alisema. "Mimi namshukuru. Angeipanga sawa ningerudi nyumbani na lile jeneza machoni, na nimeshalibeba la kwangu miezi saba. Sasa kaniachia mtu anapiga kengele ya baiskeli na mkewe anacheka. Nimelala nikimwona hivyo. Jana ndiyo mara ya kwanza nimelala." Akanyamaza kidogo, na Melkior akaogopa kwamba ndiyo basi tena. Lakini akamalizia, kwa sauti ya chini ambayo majirani walilazimika kutega masikio: "Alikuwepo, jamani. Alicheka. Kufa hakukumwondolea hilo."

Melkior alishuka kwenye dungu akasema anakwenda kukaza kamba ya makopo. Kamba ilikuwa imekazwa tangu jana. Alichuchumaa katikati ya mpunga mahali asipoonekana, akalia, na machozi yale yalikuwa ya shukrani na hakuyaonea haya. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru Mtakatifu Yosefu, somo wa mkewe. Kisha akamshukuru yule bwana wa sinema, ambaye hata jina hakumjua, pamoja na usingizi wake au haraka yake au chochote kile kilichomfanya anyooshe mkono akachukua gurudumu ambalo zamu yake haijafika. Akamwombea asafiri salama mpaka Mpanda, na asiumbuliwe kazini.

Siku hiyo hapakuwa na amani tena shambani, na Mungu ashukuriwe. Josephina alikuwa na miezi saba ya maneno. Alisema yule mama wa sinema hajui kusonga ugali, amewekewa mwiko mkononi ili apigwe picha. Alisema mlevi wa kilabuni alilewa vibaya mno, kwamba mlevi wa kweli hujitahidi kutembea wima. Makarius alipinga, Mama Damiano akaunga mkono, wakahama upande, wakapatana, wakagombana tena. Ndege walikula walichokula. Kufikia jioni sauti ya Josephina ilikuwa imekauka kabisa, maana ilikuwa haijatumika, na Mama Damiano akamletea maji ya kunywa kwa mikono yake mwenyewe, akakaa kidogo miguuni pake.

Jua liliposhuka na kwelea kwenda kulala, mke na mume wakashika njia ya nyumbani. Walitembea kitambo.

"Baba Cecilia," Josephina alisema, "na wewe uliionaje?"

"Kusema kweli sikuiangalia sana. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nilijua. Ulinichosha."

Wakapita darajani. Hapo ndipo alipoanza, bila kubadilisha sauti, kama anayeendelea na habari ile ile. "Siku tunamzika mvua ilinyesha, na wewe ulivua koti ukafunika lile sanduku. Sikukwambia asante." Melkior alishtuka, akataka kumzuia, kisha akaona njia anayokwenda, ile ile ya sinema, akamwacha. Kutoka kaburini Josephina alirudi kwenye zile siku tatu za homa, akazitaja zote, na hapo sauti ilimkatika mara mbili. Kutoka kwenye homa akarudi kwenye msimu wa karanga, Cecilia alipoiba za mbegu akazificha ndani ya kiatu cha baba yake.

"Cha kulia," Melkior alisema.

"Cha kushoto."

"Cha kulia. Nilikivaa mimi!"

Walibishana juu ya kiatu kile mpaka kwenye mgomba wa kwanza wa kijiji. Kisha wakaendelea kurudi nyuma, sasa wakisaidiana. Cecilia akawa anaogopa mbuzi wa Mama Damiano, akawa hawezi kutamka jina lake mwenyewe, akawa anatambaa kuelekea motoni na baba yake anamkimbilia, akawa na meno mawili. Walipofika mlangoni kwao alikuwa na siku moja, amevingirishwa kwenye kitenge, na mkunga anauliza huyu mtoto ataitwa nani. Josephina alisimama pale, mkono kwenye komeo, akalitaja jina kwa sauti, mara mbili.