Shemasi Aliyekosa Kwenda Angani

Verna Tidwell wa Titusville, Florida, alitunza panya wa utafiti kwa miaka kumi na tisa, nami nikiosha vizimba vyake. Sheria aliyoivunja ni moja tu: mnyama anayekwenda angani hupewa namba, hapewi jina. Wanyama hao wakirudi huchinjwa, wataalamu wakachungulie mifupa na masikio yao.

Mwaka mmoja walipangiwa kuruka wanaanga saba na panya ishirini na wanne. Namba Kumi na Saba alikuwa na desturi ya kukunja mikono kabla ya kula, kama anayesali. Verna, Mbaptisti hadi visiginoni, akamwita Shemasi, na tangu hapo akakusudia asife.

Njia aliyoiona ni mkate wa mahindi. Panya aliyezidi gramu mia tatu harushwi. Basi kila mchana Verna aliingiza kipande, amekificha chini ya kofia ya maabara.

Siku ya kuwapima, Daktari Lomax, mkuu wa maabara, alimweka Shemasi kwenye mizani, akavua miwani.

"Bi Verna, huyu ana mimba?"

"Ni dume, Daktari."

"Gramu mia nne na kumi! Kazitoa wapi?"

"Wasiwasi wa safari. Hata wewe ulipokuwa ukingoja kuitwa uwe mwanaanga, shati halikufungika."

Sisi wafanyakazi tuliinamisha nyuso tusionekane tukicheka. Lomax alikuwa ameomba mara tatu, akakataliwa mara tatu.

"Haya, haendi. Atabaki kundi la hapa chini, la kulinganishia."

Verna alishika meza. Kundi la chini nalo huchinjwa, siku ile ile wanayochinjwa waliorudi.

"Daktari, huyo hafai. Amekula mkate wangu wa mahindi. Wiki tatu."

Lomax akaokota chembe ya mkate kwenye sharubu za panya, akainusa.

"Umetia sukari?"

"Kidogo."

"Sukari! Kwetu Georgia mkate wa mahindi hautiwi sukari; mama yangu angekutoa jikoni kwa ufagio." Akachukua kalamu. "Kuchinja kitu kilichokula keki ni kuidhalilisha sayansi. Ametolewa. Mwondoe mbele yangu."

Chombo kiliporuka salama tulikula maharage na mkate wa mahindi, kama ilivyo ada yetu. Juu, wanaanga walikuwa wakidungana sindano za utafiti na kukusanya mkojo wao. Shemasi alikuwa ndani ya sanduku la viatu mapajani mwa Verna, amekunja mikono, akingoja kipande chake. Lomax alikuja akachukua kipande cha pili cha mkate wa Verna.

"Kibaya sana," akasema, akipangusa makombo kidevuni.